Wati Elfu Tano na Maneno Yasiyosikika: Fizikia ya Kuchagua Spika za Nyumbani

Mwalimu mwenzangu mmoja, baada ya kudunduliza fedha kwa miezi minane, alinunua seti ya spika kwa ajili ya sebule yake. Ilikuwa na sabufa moja kubwa na spika nne ndogo, na sandukuni paliandikwa kwa herufi nyekundu: WATI 5,000. Jioni ile ile jamaa walikusanyika kutazama filamu. Milipuko ilitikisa vioo vya madirisha na watoto wakashangilia. Lakini mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka kijijini, aliuliza, "Wanasemaje hao?" Akauliza tena. Mara ya tatu hakuuliza. Aliaga na kwenda kulala kabla filamu haijafika katikati.

Kesho yake mwenzangu alinijia chumba cha walimu. "Wewe ndiye mwalimu wa fizikia," alisema. "Niambie, nimeibiwa?"

Makala haya ni jibu la swali lile. Katika miji na vijiji vyetu seti za namna hii zimeenea sana, na watu wenye kipato kidogo hutoa fedha nyingi kuzinunua wakiongozwa na namba kubwa iliyochapishwa juu ya sanduku. Namba hiyo, kama tutakavyoona, haina maana yoyote. Mambo yenye maana ni mengine, nayo yote yamo katika masomo ya fizikia ya sekondari. Mwanafunzi aliyesoma mawimbi na umeme anayo elimu ya kutosha kuilinda mifuko ya wazazi wake.

SPIKA HUFANYAJE KAZI?

Muundo wa spika tunayoitumia leo ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Koili nyepesi ya waya huning'inizwa ndani ya uga wa sumaku, na kushikamanishwa na koni ya karatasi. Mkondo wa umeme unaobadilika ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, na koni huisukuma hewa kwa mwendo huo huo. Mtetemo huo wa hewa ndio sauti.

Hapana budi msomaji afahamu tangu mwanzo kwamba mashine hii, ijapokuwa ni ya ajabu, ni mvivu sana. Katika spika nyingi za nyumbani, nishati ya umeme inayogeuka kuwa sauti haifiki asilimia 1. Iliyobaki yote huwa joto ndani ya koili. Kwa hiyo kuuliza "ina wati ngapi?" ni kuuliza spika inakula kiasi gani, si kuuliza inafanya kazi kiasi gani.

NAMBA ILIYO JUU YA SANDUKU

Hebu tuipime ile namba ya wati 5,000 kwa kanuni rahisi: nguvu ni volti mara ampea. Umeme wa nyumbani ukiwa wa volti 230, wati 5,000 huhitaji mkondo wa karibu ampea 22. Lakini seti ile ilichomekwa kwa plagi ya kawaida ya ampea 13, ambayo mwisho wake ni wati 2,990. Tulipoigeuza nyuma tukakuta kibandiko kidogo, kwa herufi zisizopendeza, kikisema kwamba nguvu inayotumiwa na chombo ni wati 60. Kibandiko hicho ndicho kilichosema kweli. Chombo kinachopokea wati 60 hakiwezi kutoa wati 5,000 mfululizo. Kikifanya hivyo kitakuwa kimeivunja kanuni ya hifadhi ya nishati, na mtengenezaji wake angestahili kutajirika kwa kuuza umeme badala ya spika.

Namba hizi za ajabu mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO. Hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kupata namba hiyo. Kila mtengenezaji hupiga hesabu apendavyo. Herufi za kutafuta ni RMS, ambazo huashiria nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Udanganyifu huu si wa kwetu peke yetu wala si wa jana. Marekani ililazimika kutunga kanuni mwaka 1974 ya kuwabana wauzaji wa amplifaya watangaze nguvu kwa kipimo kinacholingana, na ikaifanyia marekebisho mwaka 2024.

Hata wati za kweli hazina uzito ambao watu huzipa. Sikio halihesabu kwa kujumlisha, bali kwa kuzidisha. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji hukitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, yahitajiwa nguvu mara 10. Basi anayelipa fedha zaidi ili atoke wati 50 afike wati 100 amenunua tofauti ndogo sana.

Namba yenye faida ni ile iitwayo unyeti, yaani kiwango cha sauti kinachotoka spika inapopewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Tuseme spika moja ina unyeti wa desibeli 84 na nyingine 90. Tofauti ya desibeli 6 ina maana kwamba ya kwanza itahitaji nguvu mara nne ili iifikie ya pili. Na zingatia jambo hili: mazungumzo ya kawaida, kwa umbali wa mita 1, ni kama desibeli 60. Spika yenye unyeti wa desibeli 88 ikipewa wati moja tu huyapita mazungumzo hayo kwa mbali. Sebule ya kawaida haihitaji maelfu ya wati; wati 20 au 30 za kweli kwa kila spika zaitosha.

BESI NA KASHA

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 20,000. Kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25, wimbi la hezi 8,000 lina urefu wa sentimita 4 na kitu, lakini wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Hezi 41 ndiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne, na vile vile ya dablbesi inayobeba mwendo wa taarabu.

Ugumu wa besi watokana na hesabu hiyo. Ili kutoa sauti ya kiwango kile kile kwa nusu ya hezi, koni yapaswa kusogeza hewa mara nne zaidi. Koni yenye kipenyo cha sentimita 20 ina eneo mara nne la koni ya sentimita 10. Ndiyo maana spika ndogo, hata ikijitahidi namna gani, haiwezi kunguruma.

Tena kuna kasha. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati ule ule. Spika isipokuwa na kasha, hewa ya mbele huzunguka upesi na kujaza pengo la nyuma, na besi hufutika. Kasha huyatenga mawimbi hayo mawili. Lakini hewa iliyofungwa ndani hufanya kazi kama springi, na kasha likiwa dogo springi huwa ngumu mno. Mhandisi J. Anton Hofmann alilifupisha jambo hili katika kanuni ambayo mafundi huiita sheria ya chuma: kasha dogo, besi ya chini, na unyeti mkubwa, chagua mawili, la tatu utalikosa. Muuzaji akikuahidi yote matatu kwa bei ndogo, mwulize amemshindaje Hofmann.

Namna wanavyojaribu kumshinda ni kwa kutoboa tundu katika kasha. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda utasikia mvumo wa noti moja. Kasha lenye tundu ni chupa ya namna hiyo. Likitengenezwa kwa uangalifu, tundu huisaidia koni pale inapoanza kuchoka. Likitengenezwa kwa haraka, hupiga noti moja ile ile kwa ngoma, kwa gitaa na kwa radi ya filamu: bum, bum, bum. Ukitaka kuitambua sabufa mbaya, sikiliza wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka. Kama huwezi kufuata ngazi zake, hapo hakuna besi bali kuna mvumo wa chupa.

SISI NA FISI

Sasa turudi kwa mama aliyekwenda kulala. Neno "sisi" na neno "fisi" hutofautiana kwa konsonanti moja. Irabu za maneno haya zina nguvu nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko katika hezi za chini na za kati. Lakini "s" na "f" ni michakacho hafifu ya hewa, na sehemu kubwa ya utambulisho wa "s" iko juu ya hezi 4,000. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na ndiyo sababu ya watu kulazimika kutaja jina herufi kwa herufi. Kwa kifupi, irabu hubeba nguvu ya usemi, na konsonanti hubeba maana yake. Tena uzee huanza kwa kutunyang'anya hezi za juu.

Seti ya mwenzangu ilikuwa na besi iliyovimba na spika ndogo zisizo na twita, tena zikiwa zimewekwa sakafuni nyuma ya viti. Kwa hiyo konsonanti zilitoka dhaifu, zikapigwa kumbo na besi, na zilizobaki zikaishia katika miguu ya makochi.

Kwa filamu, basi, usikivu wa maneno ndio kipimo cha kwanza. Katika mpangilio wa spika tano na sabufa moja ulioenea tangu miaka ya 1990, maneno mengi ya wachezaji hutoka katika spika ya katikati, chini au juu ya televisheni. Spika za kushoto na kulia hubeba muziki na mwendo. Za nyuma hubeba mvua, upepo na nyayo. Mwenye fedha kidogo asitawanye fedha hizo katika spika sita dhaifu. Anunue mbili nzuri za mbele, na wasikilizaji wakikaa katikati, sauti iliyo sawa pande zote mbili itasikika kama inatoka kwenye midomo ya wachezaji. Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza, aliiombea hataza kanuni hiyo ya sauti ya pande mbili mwaka 1931. Spika hizo hizo mbili zitafaa kwa muziki, kwa kuwa muziki mwingi hurekodiwa kwa ajili ya spika mbili. Sabufa na spika nyingine zaweza kuja baadaye.

CHUMBA NACHO NI CHOMBO

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo hakuna aliyeelewa neno. Sauti ya mwalimu ilibaki hewani kwa sekunde 5 na zaidi, neno moja likilifunika jingine. Kijana mmoja, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Alifanya kazi usiku kukiwa kimya, akiwa na filimbi ya kinanda, saa ya kupimia, na mito ya viti aliyoiazima katika ukumbi mwingine. Kila alipoongeza mito, sauti ilikufa mapema zaidi. Kutokana na hayo alipata kanuni hii:

T = 0.161 × V ÷ A

T ni muda wa mvumo kwa sekunde, V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, na A ni jumla ya eneo linalonyonya sauti kwa mita za mraba.

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4, yenye urefu wa mita 3 kwenda juu. Ujazo wake ni mita 60 za ujazo, na nyuso zake zote pamoja ni mita 94 za mraba. Ikiwa ni ya saruji tupu inayonyonya sehemu 0.03 tu ya sauti, A ni 2.8, na muda wa mvumo ni karibu sekunde 3.4. Katika muda huo mchezaji wa filamu amekwisha kusema sentensi nzima. Lakini tukiweka makochi ya vitambaa, zulia, mapazia mazito na kabati la vitabu hadi A ifike 20, muda hushuka hadi karibu nusu sekunde, na maneno husimama moja moja. Mkeka mwembamba husaidia kidogo kwa hezi za juu. Kitu kinene, chenye nyuzi nyingi, husaidia zaidi.

Besi ina tabia yake nyingine. Chumba chenye urefu wa mita 5 hurindima pale nusu ya wimbi inapolingana na urefu huo, yaani karibu hezi 35; upande wa mita 4 hurindima karibu hezi 43, na kimo cha mita 3 karibu hezi 58. Ukiiweka sabufa pembeni kabisa, unayaamsha marindimo hayo yote kwa pamoja. Dawa yake haina gharama. Iweke sabufa pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinalingana ndipo pa kuiweka sabufa. Majirani wakikuona watakucheka, lakini fizikia iko upande wako.

MACHO YASIINGILIE KAZI YA MASIKIO

Katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, Floyd Toole alifanya utafiti wa miaka mingi kuhusu swali hili: je, uzuri wa spika ni suala la kupenda tu? Aliwakalisha wasikilizaji mbele ya pazia ili wasizione spika. Ilidhihirika kwamba watu wenye masikio mazima hukubaliana kwa kiasi kikubwa: huzipenda spika zinazotoa hezi zote kwa ulinganifu, bila kuikuza moja na kuizima nyingine. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji wale wale wakiziona spika, hukumu zao huyumba kwa kufuata sura na ukubwa.

Mnunuzi ajifunze kwa hayo. Taa za rangi zinazowaka kwa mdundo hazitoi sauti. Na kwa kuwa spika inayolia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana bora, usilinganishe spika mbili kabla hujazilinganisha sauti. Dukani fuata utaratibu huu:

1. Nenda na rekodi mbili unazozijua sana: moja ya mtu anayezungumza, kama msomaji wa habari, na moja ya wimbo wenye ala nyingi.
2. Rudisha vitufe vya besi na vya sauti nyembamba katikati.
3. Anza na sauti ya mzungumzaji, sabufa ikiwa imezimwa. Ikisikika kama anaongea ndani ya pipa, ondoka.
4. Fumba macho, umwombe mwenzako abadilishe spika bila kukuambia ni ipi.
5. Soma kibandiko cha nyuma: nguvu inayotumiwa, unyeti ukitajwa, na ukinzani kwa omu. Usiunganishe spika za ukinzani ulio chini ya ule unaoruhusiwa na amplifaya.
6. Bisha kasha kwa kifundo cha kidole. Kasha zito lisilolia ni afadhali kuliko la plastiki linalovuma.

Spika za mitumba zaweza kuwa nafuu na bora, lakini chunguza ukingo laini unaozunguka koni. Ukingo wa sponji huoza kwa miaka na unyevu, hasa pwani. Isukume koni polepole kwa vidole vilivyotawanywa sawasawa. Ikikwaruza, koili imepinda.

MAJARIBIO YA DARASANI

Walimu waweza kuyageuza haya kuwa vipindi viwili vya vitendo kwa kutumia spika kuukuu iliyotolewa kwenye redio mbovu.

Jaribio la kwanza: Gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja kwenye nyaya za spika. Koni ikiruka mbele, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Nyumbani, spika moja ikiunganishwa kinyume na mwenzake, koni moja huenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi hupotea. Wengi wamezilaumu spika zao kwa kosa hili la nyaya mbili.

Jaribio la pili: Piga muziki kwa spika hiyo ikiwa tupu. Kisha ishikilie nyuma ya tundu la ukubwa wake lililokatwa katikati ya ubao au kadibodi pana. Besi itatokea kana kwamba umeongeza nguvu, ilhali hukuongeza hata wati moja.

Jaribio la tatu: Pima ukinzani wa spika iliyoandikwa omu 8 kwa mita ya umeme. Utapata karibu 6. Wanafunzi waeleze kwa nini ukinzani kwa mkondo unaobadilika unazidi ule wa mkondo wa moja kwa moja.

Mwisho, pamoja na raha zote, masikio hayanunuliwi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma, na kila sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kupungua.

Na mwenzangu je? Jumamosi moja tuliiondoa sabufa pembeni, tukaipunguza besi, tukazileta spika mbili mbele kwa kimo cha masikio, moja kila upande wa televisheni, na mkewe akatundika mapazia mazito yaliyokuwa yamekaa kabatini. Twita hatukuweza kuiongeza, wala wati 5,000 hatukuziona. Lakini jioni mama alikaa hadi mwisho wa filamu, na katikati yake akamgeukia mjukuu aliyekuwa akipiga kelele, akamwambia, "Nyamaza, tusikie wanachosema."